Bibi Alimkimbia Nani?

Swali lilitoka dawati la nyuma kabisa, zikiwa zimebaki dakika nne hivi kengele ilie. Nilikuwa TP, shule moja ya sekondari wilayani Missenyi, mkoani Kagera, upande ule wa kwenda mpaka wa Mutukula. Kidato cha tatu, wanafunzi sabini na kitu, mada Vita vya Kagera. Siku hiyo nilijiandaa kwelikweli. Andalio la somo limejaa, ramani nimeichora kwenye manila, mishale ya majeshi yetu nimeipaka rangi nyekundu. Nikawapitisha Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, Mwalimu Nyerere akatangaza vita, wanajeshi wetu wakavuka, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Nduli kakimbia. Nikaanza kufuta ubao.

Ndipo kijana mmoja akanyoosha kidole. "Madamu, bibi yangu alikimbia kutoka Uganda mwaka 1983. Sasa kama nduli alishaondoka, bibi alimkimbia nani?"

Darasa likacheka. Mimi nikafanya lile ambalo hatufundishwi chuoni lakini walimu wote tunalijua: nikamwambia swali lako ni zuri sana, tutalijadili kipindi kijacho. Kipindi kijacho alikuja msimamizi wangu kunikagua, nikafundisha mada niliyoiweza zaidi. Wiki mbili baadaye TP ikaisha. Yule kijana ananidai mpaka leo.

Ukweli ni kwamba siku ile sikuwa na jibu. Nimesoma Historia tangu kidato cha kwanza, sasa niko mwaka wa tatu nasomea kuifundisha, na kichwani mwangu Uganda ilikuwa inaishia Aprili 1979 kama sinema inavyoisha taa zikiwashwa. Mtu mbaya alikuja, tukamtoa, kwisha habari. Ukiitazama hivyo, utawala wa kijeshi ni mtu mmoja, na dawa yake ni kumwondoa mtu huyo. Lakini Amin aliondoka, na wenzetu wa Uganda waliendelea kutawaliwa kwa mtutu miaka karibu saba tena, chini ya watu tofauti tofauti, wengine wao wanasheria na maprofesa waliovaa tai.

Na jambo hili si la makumbusho. Wiki ya kwanza ya semista hii, mwenzangu mmoja chumbani alikuwa anatuonyesha video za Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso, kofia yake nyekundu, hotuba zake, miziki imewekwa chini. Traoré alichukua madaraka Septemba 30, 2022. Kipindi cha mpito kilikuwa kiishe Julai 2024. Mei 2024 kikaongezwa miaka mitano. Nilipolisema hilo, mwenzangu akanijibu, "Kwani shida iko wapi? Mtu anapiga kazi." Chumba kizima kikamuunga mkono, nikabaki peke yangu na kikombe changu cha chai. Burkina Faso siijui kiasi cha kuitolea hukumu, na Traoré si Amin. Ila shangwe zile nilikuwa nimezisoma mahali.

Januari 25, 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, jeshi lilimpindua. Redio Uganda ikasoma sababu kumi na nane za mapinduzi. Watu wa Kampala walimiminika barabarani na kucheza, na hawakulazimishwa. Amin alisema yeye ni mwanajeshi, siasa haiwezi na haitaki, serikali yake ni ya muda tu na uchaguzi utakuja. Akawafungua wafungwa wa kisiasa. Akaruhusu mwili wa Kabaka Mutesa, aliyefia London mwaka 1969, urudishwe kuzikwa kwao. Miongoni mwa waliofunguliwa alikuwa mwanasheria Benedicto Kiwanuka, na Amin akamfanya Jaji Mkuu. Ungekuwa mwanafunzi wa Makerere siku hizo, wewe msomaji, ungesema nini? Nadhani mimi ningecheza.

Septemba 1972, askari waliingia Mahakama Kuu wakamchukua Jaji Mkuu huyo huyo akiwa kazini. Hakuonekana tena. Mwezi uliofuata akatoweka Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere. Hapo nadhani ndipo mlango wa kurudi kambini ulipofungwa, miaka mingi kabla Amin hajajitangaza rais wa maisha mwaka 1976. Mtu aliyechukua madaraka Januari 1971 angeweza, kwa kubahatisha, kuyaachia mwezi wa sita na kustaafu akafuga kuku. Aliyemtoa Jaji Mkuu mahakamani hawezi. Anamkabidhi nani? Atakayepokea atauliza maiti iko wapi. Na si yeye tu anayeogopa: anaogopa dereva wa gari lililombeba jaji, anaogopa aliyefungua geti, anaogopa kila askari aliyeshiriki mauaji ya wenzao Waacholi na Walango kambini mwaka 1971. Amin angetaka kuondoka, hao wasingemruhusu.

Tena kuna mali. Agosti 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka, na maduka, viwanda na nyumba zao zikagawiwa, sehemu kubwa kwa wanajeshi na watu wao. Waganda wakawapa jina hao matajiri wapya: mafuta mingi. Nilipolikuta neno hili kwenye kitabu nilishtuka kidogo, maana ni Kiswahili chetu, ingawa mwalimu wangu wa sarufi angelisahihisha kwa kalamu nyekundu. Bidhaa zilipoadimika, biashara ya kulangua na kuvusha vitu kwa siri wakaiita magendo, na mwenye gari la jeshi ndiye aliyevusha bila kuulizwa. Sasa mwambie sajenti mwenye duka barabara kuu ya Kampala arudi kambini akakague viatu. Atarudi?

Maneno haya yamenikaa kwa sababu mimi nachukua Historia na Kiswahili. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Ni jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili tungelishangilia, lakini Waganda wengi walikuwa tayari wanakijua Kiswahili kama lugha ya kambini, lugha ya amri. Hilo nilikuja kulielewa siku nyingine, sebuleni kwa bibi wa yule kijana, na nitalifikia.

Kwanza turudi nyuma, kwa sababu Amin hakuanguka kutoka angani. Januari 1964, ndani ya wiki moja, majeshi ya nchi tatu za Afrika Mashariki yaliasi: kwetu Tanganyika Januari 20, Uganda pale Jinja Januari 23, Kenya Januari 24. Madai yalifanana, mishahara na maofisa wa Kiingereza. Na serikali zote tatu, kwa aibu kubwa, ziliomba msaada wa askari wa Kiingereza, mkoloni aliyeondoka juzi tu. Kilichofuata ndicho kilichotofautiana. Kwetu jeshi lote lilivunjwa, na Septemba 1, 1964 likaundwa jipya, JWTZ, likiwa na vijana waliotoka kwenye chama. (Kuliunganisha jeshi na chama nako kuna maswali yake, nayaacha kwa mwenye makala nyingine.) Uganda, waziri aliyekwenda Jinja kuongea na waasi alizuiliwa na askari, na akakubali kuwaongezea mishahara. Baadhi walifukuzwa, ndiyo, lakini nyongeza ikabaki. Askari wakajifunza kwamba ukimshika waziri, unalipwa.

Miaka miwili baadaye Bunge la Uganda lilitaka Idi Amin, wakati huo naibu mkuu wa jeshi, achunguzwe kwa tuhuma za dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo. Tuhuma zilimgusa na Obote mwenyewe. Obote hakwenda bungeni kujibu. Februari 1966 aliwakamata mawaziri wake watano kikaoni, akaisimamisha katiba, akampandisha Amin. Mei 24, 1966, ugomvi wake na Kabaka ulipokolea, akamtuma Amin na jeshi kwenye kasri la Mengo. Kabaka akaruka ukuta, akakimbilia uhamishoni. Ugomvi wa kikatiba ambao ungechukua miaka mahakamani ulimalizika kwa siku moja.

Naomba hapa nieleze kitu cha aibu kidogo. Wiki yangu ya kwanza TP, darasa lilinishinda. Nina miaka 22, mwili mdogo, sauti nyembamba, na nyuma kulikuwa na wavulana wanaonizidi urefu. Siku ya tatu nikamwita mwalimu wa nidhamu. Alisimama tu mlangoni na fimbo yake. Kimya. Ukisikia kimya, ni kile. Nikafundisha dakika arobaini kama nimezaliwa mwalimu. Kesho yake nikamwita tena. Wiki iliyofuata sikuhitaji kumwita, alikuwa anakuja mwenyewe; anaingia katikati ya somo, anamtoa mwanafunzi mmoja, na mimi nasimama na chaki mkononi nikisubiri amalize. Siku aliposafiri kwenda semina, darasa lilikuwa soko. Si kwamba walikuwa wamenichukia. Walikuwa hawajawahi kujifunza kunisikiliza mimi, na mimi sikuwa nimewahi kujifunza kuwanyamazisha. Mwalimu yule hakuwa na kosa, nilimwita mwenyewe.

Darasa si nchi, najua, na fimbo si kifaru. Lakini tangu siku hiyo namwelewa Obote wa 1966 kuliko nilivyomwelewa kwenye mihadhara. Mwanasiasa anapolitumia jeshi kumaliza ugomvi wake na mwanasiasa mwingine, analipa jeshi hukumu ya ugomvi wote unaofuata, ukiwemo wake na jeshi. Januari 1971 ilitoka Mengo.

Sasa twende 1979, pale ramani yangu ilipoishia. Babu yangu mzaa mama, wa Tabora, alikwenda vitani akiwa mgambo wa miaka 21. Huniita "mke wangu", kama mababu wote wa kwetu. Nilipompigia simu kumuuliza habari za Uganda, nilitegemea hadithi za mizinga. Akanipa hadithi ya ng'ombe.

Kikosi chao kilibaki muda eneo la Masaka. Amin kakimbia, polisi wamekimbia, hakimu hayupo, chifu kajificha. Asubuhi moja akaja mzee wa umri wa baba yake, akapiga magoti mbele ya Babu, akasema jirani yake kamchukulia ng'ombe. Baada ya huyo akaja mwenye kesi ya shamba, mwanamke aliyefukuzwa na mume, na wawili waliogombania baiskeli.

"Kwani Babu ulikuwa hakimu?"

"Hakimu wa wapi, mke wangu! Nilikuwa na darasa la saba na bunduki."

Nikamuuliza alijisikiaje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kitu ambacho sijakisoma kwenye kitabu chochote. Mwanzoni aliona aibu, mtu mzima kumpigia magoti. Mwezi wa tatu, siku wasipokuja, alikuwa anashangaa wako wapi.

Babu ni mtu mwema, tena alikuwa upande wa ukombozi. Na bado miezi mitatu ilitosha. Wale wazee nao hawakuwa wajinga. Walikwenda mahali pekee palipokuwa na uwezo wa kuamua kitu siku hiyo hiyo. Tunaposema jeshi linang'ang'ania madaraka huwa tunamfikiria jenerali na kiti chake. Hatumfikirii mzee mwenye ng'ombe, ambaye kwa miaka minane ameona kwamba mahakama haiamui kitu, na aliyeshika bunduki ndiye anayeamua.

Wanasiasa nao walikuwa kama yule mzee, ila wao hawakupiga magoti. Machi 1979 vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana Moshi, hapa kwetu, vikaunda umoja wa ukombozi, UNLF, mwenyekiti Profesa Yusuf Lule, aliyewahi kuwa mkuu wa Chuo cha Makerere. Aprili 13 akaapishwa kuwa rais. Msomi, raia, mpole. Alidumu siku 68. Baraza la mashauriano la umoja huo likamwondoa katika mgogoro juu ya nani ana mamlaka ya kuteua mawaziri. Akafuata Godfrey Binaisa, mwanasheria, aliyedumu miezi kumi na moja hivi. Mei 1980 alijaribu kumwondoa mnadhimu mkuu wa jeshi, David Oyite-Ojok, ampeleke ubalozini Algeria. Hatukufika hata Algeria: siku chache tu na aliyeondolewa akawa Binaisa mwenyewe. Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga, makamu wake Yoweri Museveni, ikashika nchi.

Tazama nani alikuwa na nini. Obote alikuwa na Kikosi Maalum, cha Tito Okello na huyo Oyite-Ojok. Museveni alikuwa na FRONASA. Vyote vilivuka pamoja na jeshi letu, na njiani kila kimoja kiliandikisha vijana wengi kadiri kilivyoweza, kwa sababu kila mmoja alijua kura zitakazohesabiwa mwisho ni zipi. Lule hakuwa na kikosi. Binaisa hakuwa na kikosi. Walikuwa na karatasi za Moshi. Kwenye karatasi ile serikali ilikuwa ya kiraia kabisa, kwa hiyo ukiuliza tarehe ambayo jeshi liliondoka madarakani Uganda utajibiwa Aprili 1979. Lakini jeshi la Amin liliondoka na majeshi mengine mawili yakaingia, na hakuna taasisi hata moja ya kiraia iliyokuwa na uwezo wa kuyaamuru.

Na sisi? Hapa ndipo vitabu vyetu vinapopita kwa kunyata. Jeshi letu lilikuwa Kampala siku Lule anaondolewa na siku Binaisa anaondolewa. Lilikuwa bado Uganda kwenye uchaguzi wa Desemba 1980, likaondoka katikati ya 1981. Mwalimu alikuwa rafiki wa Obote na alimhifadhi hapa kwetu miaka yote ya Amin. Najivunia vita ile, Babu yangu alipigana. Lakini nadhani tunapowafundisha watoto kwamba tuliikomboa Uganda, tuwe na dakika tano za kusema kwamba kumwondoa mtawala wa kijeshi kwa jeshi tuliweza, na kuanzisha utawala wa raia kwa jeshi hatukuweza. Sidhani kama kuna aliyewahi kuweza kwa urahisi. Mwaka huohuo 1979, Oktoba, Jenerali Obasanjo wa Nigeria alikabidhi madaraka kwa rais aliyechaguliwa, kwa hiari, jambo zuri sana. Desemba 31, 1983 wanajeshi wakarudi.

Uchaguzi wa Desemba 1980 ulitakiwa kuwa ndio mlango. Kura zikapigwa, na kabla matokeo hayajatoka Muwanga akatangaza kwamba hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuyatangaza isipokuwa yeye, atakayekaidi jela au faini. Obote akatangazwa mshindi. Wapinzani wakasema wameibiwa. Februari 6, 1981 Museveni na wenzake wakashambulia kambi ya Kabamba na kuingia msituni. Raia kachaguliwa, katiba ipo, bunge lipo, na ndani ya wiki chache ugomvi wa kura ukarudi kule kule ulikozoea kumalizwa.

Jumamosi ya mwisho ya TP yule kijana alinipeleka kwa bibi yake. Nyumba ya matofali katikati ya migomba, mkeka safi, kibakuli cha kahawa ya kutafuna. Nilimwamkia shikamoo, akaitika kwa kichwa tu. Nilipozungumza Kiswahili alinisikiliza vizuri, halafu akamjibu mjukuu wake kwa Kiganda, na kijana akanitafsiria. Ilichukua muda kugundua kwamba hakuhitaji tafsiri upande wangu. Kila nilichosema alikielewa kabla kijana hajafungua mdomo.

Mwaka 1983 alikuwa akiishi pembezoni mwa Kampala na mumewe, fundi cherehani. Askari wa serikali, serikali ya Obote aliyechaguliwa, walikuwa wakizunguka mtaa alfajiri, wanakusanya wanaume wakitafuta waasi, wanawapakia kwenye malori. Waganda wana jina la misako hiyo. Bibi alilitamka mwenyewe, Kiswahili pekee nilichokisikia kinywani mwake mchana mzima: "Panda gari." Mumewe alipanda gari. Yeye akachukua watoto, akaenda kwa kaka yake Kyotera, kisha akavuka.

Nilimwambia, kupitia kwa kijana, kwamba nasomea kufundisha Kiswahili na natamani siku moja nikafundishe Uganda, maana Julai 2022 baraza lao la mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima mashuleni. Bibi akacheka kidogo. Kijana akatafsiri: "Anasema Kiswahili chako ni kizuri. Anasema yeye akikisikia kwa nje, usiku, bado anazima taa."

Sikuwa na la kujibu. Nilitafuna kahawa.

Julai 1985 jeshi likampindua Obote kwa mara ya pili, na walioongoza ni kina Okello, wale wale wa Kikosi Maalum waliompigania arudi. Januari 1986 Museveni akaingia Kampala. Ni haki kusema kwamba mengi yalibadilika. Askari wake walikuwa na nidhamu ambayo watu hawakuwa wameizoea, watu waliulizwa maoni ya katiba, na katiba ikapatikana mwaka 1995. Lakini fuata kalenda. Kipindi cha mpito kilitangazwa kuwa miaka minne. Mwaka 1989 kikaongezwa mitano. Uchaguzi wa kwanza wa rais ulifanyika 1996. Katiba ikaweka ukomo wa mihula miwili, ukomo ukaondolewa 2005. Ikaweka ukomo wa umri wa miaka 75, ukaondolewa 2017. Bungeni jeshi lina viti kumi vyake. Rais anavaa suti na kofia pana, amechaguliwa mara nyingi, na tangu 2024 mkuu wa majeshi ni mwanawe.

Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba raia hawapaswi kushtakiwa kwenye mahakama za kijeshi. Dkt. Kizza Besigye, mgombea urais wa mara nne, wakati huo alikuwa ameshtakiwa huko huko. Mei mwaka huo bunge, bunge la raia waliochaguliwa, likapitisha sheria ya kuziruhusu tena. Niliisoma habari ile nikamkumbuka mzee wa Masaka na ng'ombe wake. Miaka 46 na bado wenye ugomvi wanapelekwa kwa mwenye bunduki, safari hii kwa sheria iliyoandikwa vizuri.

Kwa hiyo, kijana wangu wa dawati la nyuma: bibi yako hakumkimbia nduli. Alikimbia kitu kilichokuwepo kabla ya nduli, kilichoanza siku waziri alipokubali nyongeza pale Jinja na siku rais alipoona Mengo ilivyokuwa rahisi, kikamlea Amin, kikabaki alipoondoka. Amin alikwenda Libya, baadaye Saudi Arabia, akafia Jeddah mwaka 2003 bila kusimama mbele ya hakimu yeyote. Hilo nalo wenye bunduki wengine waliliona.

Mwenzangu wa chumbani nimempa rasimu ya makala hii aisome. Amesema bado anampenda Traoré, ila ameuliza nani atamkabidhi nani. Tumeishia hapo, umeme ulikatika.

Wiki iliyopita nilimpigia tena Babu, kwa sababu kulikuwa na kitu sikuwa nimemuuliza.

"Babu, yule mzee aliyepiga magoti, ulimpa ng'ombe wake?"

"Hapana. Nilimpa jirani."

"Ulijuaje kama ni wa jirani?"

"Sikujua." Kimya kirefu, nikadhani salio limeisha. "Jirani alikuja na mkungu wa ndizi, mke wangu. Tulikuwa na njaa."

Kisha akaniuliza kama bumu limetoka.